Ushuru wa Mkaa Urudi Msituni

Simama alfajiri kando ya barabara kuu ya Segera kwenda Chalinze, upande wa Kabuku au Mkata, kabla jua halijatoka. Utazisikia kabla hujaziona: pikipiki zimebeba magunia matatu matatu ya mkaa, yote lumbesa, midomo imezibwa kwa majani na kushonwa kwa kamba, na dereva amekalia tangi la mafuta kwa sababu kiti chote kimechukuliwa na mzigo. Magunia hayo yametoka vijiji vya ndani vya Uzigua. Juzi yalikuwa myombo na mkambala, miti iliyoota kabla babu yangu hajaoa. Kesho yatakuwa jikoni Dar es Salaam.

Getini yanakatiwa risiti. Hapo ndipo ninapotaka tuanzie, kwenye ile karatasi nyembamba inayotoka kwenye mashine ya kukusanyia mapato. Mti ulikuwa wetu. Tanuru limewashwa kwetu. Moshi, kisiki na duara jeusi la ardhi iliyoungua vimebaki kwetu. Fedha imekwenda makao makuu ya wilaya, imeingia kwenye mapato ya ndani, imechanganyika na ushuru wa machungwa, wa mahindi na wa minada ya ng'ombe, na kuanzia hapo hakuna mwanakijiji wa Kwaluguru anayeweza kuonyeshwa kwa kidole ilipoishia.

Kisha vuli ikichelewa, tunaitwa kwenye semina ya mabadiliko ya tabianchi. Tunapewa kalamu, daftari na maji ya chupa, tunaambiwa tutunze mazingira.

Semina zimetosha. Mimi ni mtoto wa Uzigua, nimekulia kwenye ardhi hii, na ninasema bila kuzunguka: ushuru wote wa mkaa, kuni na magogo unaokusanywa na halmashauri zetu urudi msituni ulikotoka, urudi kwa sheria ndogo iliyoandikwa, na urudi kwa jina la kijiji kilichokatwa miti yake. Chini ya hapo, kila hotuba ya tabianchi inayotolewa Handeni na Korogwe ni maneno matupu.

Neno lenyewe, tabianchi, limegeuka mwavuli. Mahindi yakikaukia shambani, ni tabianchi. Barabara ikikatika, ni tabianchi. Lambo likijaa tope mpaka ng'ombe wanatembea juu yake, ni tabianchi, kana kwamba tope limetoka angani. Najua vizuri nani amechafua hewa ya dunia. Marekani, Ulaya na China wamechoma makaa ya mawe na mafuta kwa kiasi ambacho sisi wa jembe la mkono hatutakifikia hata tukichoma kila mti wa Tanga. Deni lao lipo na wadaiwe. Vuli ya mwaka 2019 upande wetu wa Bahari ya Hindi ulipata joto kupita kawaida, mvua ikamwagika, mafuriko yakaua watu katika wilaya zetu na kuikata barabara ya Korogwe kwenda Handeni. Joto lile la bahari hatukulisababisha sisi. Lakini mvua ileile ikinyesha kwenye kilima chenye myombo, majani huipokea na udongo huinywa taratibu. Ikinyesha kwenye kilima kilichonyolewa, inashuka yote kwa pamoja, imebeba udongo, inatafuta kalavati. Bahari ni ya dunia nzima. Kilima ni cha halmashauri na kijiji.

Na sisi Wazigua si wageni wa jambo hili. Wazee wanaikumbuka kwa masimulizi njaa ya Kidyakingo ya miaka ya 1880, iliyopewa jina hilo kwa sababu watu walikula ngozi. Nusu karne kabla yake, ukame wa miaka ya 1830 uliwashusha ndugu zetu mpaka pwani wakitafuta chakula. Wakapandishwa majahazini na kuishia utumwani Somalia. Vizazi vyao vilikaa bonde la mto Juba vikiendelea kusema Kizigua. Vita ya mwaka 1991 ikawafurusha, wakarudi nchi ya mababu wakiwa wakimbizi, wakapewa makazi Chogo, hapahapa Wilaya ya Handeni, na wengi baadaye wakapewa uraia. Fikiria hilo. Mvua iliyokosekana zaidi ya miaka 150 iliyopita ilipeleka watu ng'ambo na kuwarudisha wajukuu wa wajukuu zao wakiwa na karatasi za ukimbizi. Ndiyo maana siwezi kuvumilia afisa anayenitajia ukame kama habari mpya aliyoipata kwenye warsha.

Mwanahistoria James Giblin aliandika kitabu kizima kuhusu Uzigua kati ya mwaka 1840 na 1940, na hoja yake kubwa ni kwamba njaa zetu mbaya hazikuletwa na mvua peke yake. Zilikuja pale utawala wa kikoloni ulipowavunja nguvu viongozi wa mahali, wale waliokuwa na akiba ya chakula na mamlaka ya kuwakusanya watu wafyeke, wapande na kudhibiti vichaka vya mbung'o. Sisemi enzi zile zilikuwa peponi. Viongozi haohao waliwaweka watu rehani wakati wa njaa, na sitaki turudi huko. Lakini tazama majina ya vijiji vyetu: Kwamatuku, Kwamkono, Kwamsisi, Kwachaga, Kwaluguru. Kwa, kwa, kwa. Ukitaja mahali unasikia kwamba pana mwenyewe, pana wa kuulizwa. Leo msitu wa Kwaluguru ukiisha, utamuuliza nani? Mwenyekiti wa kijiji atasema kibali kilitoka wilayani. Wilaya itasema mkaa ni wa Wakala wa Huduma za Misitu. Wakala utasema ardhi ni ya kijiji. Na pikipiki inapita.

Tuachane na kusukumiana. Sheria zinajulikana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaiweka ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuutungia mpango wa usimamizi na sheria ndogo, na msitu ukishatengwa rasmi mapato yake ni ya kijiji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka kamati za mazingira kuanzia kijijini na afisa mazingira kila wilaya. Sheria zenyewe za serikali za mitaa za mwaka 1982 zinakipa kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Hakuna kinachosubiriwa kutoka Dodoma, wala kutoka kwenye mikutano ya Umoja wa Mataifa.

Kinachokosekana ni kazi ya wilaya: mpima ardhi kwenda kijijini, afisa misitu kukaa huko siku kadhaa, ramani kuchorwa, mkutano mkuu kuitishwa, na madiwani kupitisha. Kijiji hakiwezi kuyafanya haya peke yake, kwa kuwa hakina gari, hakina mtaalamu na hakina fedha ya posho. Na hapa lipo jambo zito ambalo halisemwi kwa sauti. Msitu wa kijiji ambao haujatengwa rasmi ni shamba la bibi: kila mtu anavuna, mrabaha unakwenda serikali kuu, ushuru unakwenda halmashauri, kijiji kinaambulia visiki. Siku msitu huo ukitengwa, ada inabaki kijijini. Halmashauri isiyoharakisha upimaji inavuna kutokana na uzembe wake yenyewe. Sihitaji kumtuhumu mtu wizi ili kusema hivyo; ndivyo mfumo ulivyokaa, na anayeuacha ukae hivyo anajua anachokifanya.

Msiniambie haiwezekani kupima ardhi kwa haraka. Mwaka 2022, Serikali ilipoamua kuwahamishia wananchi wa Ngorongoro Msomera, katika wilaya yetu hii, viwanja vilipimwa na nyumba zikajengwa kwa miezi, si kwa miaka. Ubishi juu ya uhamisho ule ni mkubwa na siwezi kuumaliza kwa aya moja. Ninachoshikilia ni kimoja: mkono wa serikali ukitaka kufika porini Handeni, unafika.

Halafu kuna miti.

Kila halmashauri nchini imeagizwa kupanda miti 1,500,000 kwa mwaka. Handeni zipo halmashauri mbili, ya wilaya na ya mji. Korogwe vilevile mbili. Hiyo ni miti 6,000,000 kila mwaka katika eneo letu tu, na agizo hili si la jana. Iko wapi? Nauliza kwa dhati, kwa sababu mimi natembea kwa miguu na siioni.

Nilihudhuria siku ya upandaji miti kwenye shule moja ya msingi ya upande wetu. Sitaitaja, kwa kuwa walimu wake hawana kosa. Mgeni rasmi alikuja na msafara. Mashimo yalikuwa yamechimbwa na watoto siku moja kabla, mafupi, kina cha kiganja. Miche ilishushwa kwenye gari, ikagawiwa, ikasimikwa, picha zikapigwa, watu wakaondoka kabla ya adhuhuri. Hakuna aliyeacha ndoo wala aliyezungushia miiba. Miezi kadhaa baadaye nilipita pale nikiwa na haja zangu, nikauvuta mche mmoja uliosimama mkavu kama kijiti cha mswaki. Ukatoka wote kwa mkupuo mmoja, na kiriba chake cha plastiki kikiwa bado kimeuvaa mzizi. Walikuwa wameupanda na mfuko wake. Mizizi ilikuwa imezunguka humo ndani, imejikunja, ikitafuta udongo ambao ulikuwa upande wa pili wa nailoni nyembamba, mpaka ikafa. Niliung'oa wa pili. Ulikuwa hivyohivyo.

Mche ule ulikwisha kuhesabiwa. Umo kwenye taarifa ya robo mwaka, umo kwenye jumla ya wilaya, umo kwenye jumla ya mkoa, na mahali fulani kuna mtu amepongezwa kwa ajili yake. Taarifa inataka idadi ya iliyopandwa, haitaki idadi iliyo hai baada ya kiangazi. Naomba swali libadilishwe: mkurugenzi apimwe kwa miti iliyofikisha miaka mitatu. Hata hivyo kwa nchi ya miombo kupanda ni kazi ya pili. Kazi ya kwanza ni kuacha. Kisiki cha myombo kisipong'olewa, kisipochomwa moto kila kiangazi na kisipolimwa juu yake, kinachipua chenyewe, bila mgeni rasmi. Watu wa Shinyanga walilithibitisha hilo kwa ngitili: kuanzia mwaka 1986, chini ya mradi wa HASHI, walizungushia sheria za vijiji maeneo yaliyokuwa jangwa, na misitu ikarudi kwenye mamia ya maelfu ya hekta.

Nani basi amewahi kuurudisha ushuru msituni? Kilosa, katika mkoa wa jirani. Kuanzia mwaka 2012 vijiji vya huko, vikisaidiwa na mashirika ya TFCG na MJUMITA, vilitenga misitu yao kisheria, kisha sehemu ndogo ya msitu ikagawanywa vitalu vya mkaa. Kitalu kinavunwa mara moja, kinaachwa miaka 24 kichipue. Mchomaji ni mwanakijiji aliyesajiliwa na kufundishwa. Ada inalipwa kwa serikali ya kijiji, na ikajenga madarasa, ikakarabati zahanati, mahali pengine ikawalipia watu bima ya afya ya jamii. Mkaa uliendelea kwenda mjini na halmashauri nayo ilipata ushuru wake. Tofauti ni kwamba kijiji kilikuwa na sababu ya kumkimbiza mvunaji haramu usiku wa manane, kwa kuwa alikuwa anaiba darasa la watoto wao. Huko Katavi, vijiji 8 vya Wilaya ya Tanganyika vinauza hewa ya ukaa kutokana na kuulinda msitu wao uliosimama, na vimepokea mabilioni ya shilingi. Kaboni haitaokoa kila kijiji, na madalali wake tuwasome kwa macho mawili. Lakini hata mnunuzi wa kaboni haji mahali ambapo msitu hauna mpaka wala mwenyewe.

Najua jibu linalosubiri upande wa pili wa meza: "Bajeti ni finyu, tunategemea ruzuku." Nalijibu kwa sheria yao wenyewe. Tangu mwaka 2018 kila halmashauri inalazimika kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilipoonekana ina dosari ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Yaani inawezekana kufunga fungu kwa sheria, kulisimamia, kulikosoa na kulirekebisha. Hatukufa njaa kwa sababu ya ile asilimia 10. Na mimi siombi asilimia ya fedha zote. Naomba ushuru wa mti urudi kwenye mti.

Kenya wametutangulia na hakuna aibu kujifunza kwa jirani. Kaunti ya Makueni, nchi kavu kama yetu, mwaka 2015 ilitunga kanuni za mfuko wake wa tabianchi na kujifunga kutenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo. Wajir ikafuata mwaka 2016 na asilimia 2. Fedha inashuka mpaka kamati za wadi, wananchi wanachagua mradi, na mara nyingi wamechagua maji. Hapa nyumbani Longido, Monduli na Ngorongoro zimejaribu njia hiyohiyo, na Dodoma kuna Chamwino, Mpwapwa na Kondoa. TAMISEMI inalijua jambo hili kwa kina. Kwa hiyo anayesema Handeni na Korogwe ni mapema, aseme tunasubiri nini.

Maji nayataja kwa makusudi. Njoo kiangazi kwenye kijito chochote cha msimu kinachomwaga maji mto Msangazi. Kijito kimekauka, umebaki mchanga mweupe unaoumiza macho. Mama amepiga magoti ndani ya shimo la kimo cha kifua chake, amelifukua kwa mikono, anasubiri. Maji yanachuruzika polepole kutoka kwenye mchanga, yanajaa kiasi cha kata moja, anayachota kwa uangalifu asitibue, anamimina ndooni, anasubiri tena. Ndoo ya lita 20 inaweza kumla saa nzima. Nyuma yake kuna foleni ya ndoo, na mbele yake kuna msichana ambaye angepaswa kuwa darasani.

Makueni na Machakos wanaujua mchanga huo. Wanajenga ukuta mfupi wa mawe na saruji kukatiza korongo. Mvua ikishuka inaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanakaa ndani ya mchanga, yamejificha na jua, miezi baada ya mto kukauka. Si teknolojia ya kuogofya. Fundi wa kujenga kalavati anaweza kujenga, akishapewa mhandisi wa kumwonyesha mwamba ulipo. Mawe tunayo, mchanga tunao, nguvu kazi tunayo. Makueni ilikwenda mbali zaidi: mwaka huohuo wa 2015 ilitunga sheria ya kuulinda mchanga wa mito usichotwe kiholela na malori. Kwetu mto unatoa maji kwa kata, na lori linaondoka na mchanga kwa tani, na kila tripu inakatiwa risiti. Risiti tena!

Kuna mtu atasema namwonea mchoma mkaa. La hasha. Mchoma mkaa ni jirani yangu. Mahindi yakimkatalia, msitu ndio benki yake, na tanuru lake la udongo linameza tani 5 mpaka 10 za kuni kumpa tani moja ya mkaa, anakohoa usiku kucha akililinda lisitoboke, halafu mnunuzi anampa bei ya kutupa. Kumkamata yeye na kumwacha mwenye lori ni uonevu. Serikali imepanga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Vizuri, ninaunga mkono. Lakini kati ya leo na siku hiyo, miji itaendelea kupika, na myombo wetu ndio utakaoipikia. Miaka hiyo ndiyo ya kuamua kama kutabaki msitu au kutabaki taarifa za miti iliyopandwa.

Basi, waheshimiwa madiwani wa Handeni na Korogwe, kazi yenu ni hii, na ianze na bajeti inayofuata. Fungueni kasma ya ushuru wa mazao ya misitu, isichanganywe na kitu kingine. Kila robo mwaka bandikeni kwenye ubao wa kila kijiji idadi ya magunia yaliyokatiwa risiti na fedha iliyopatikana. Fedha hiyo ianze kupima na kutenga misitu ya vijiji, na msitu ukishatengwa ijenge ukuta kwenye korongo ambalo wanawake wenyewe watalichagua. Ninyi wenyeviti wa vijiji mliochaguliwa Novemba 2024, acheni kugonga mhuri wa kijiji kwenye kila karatasi inayoletwa na mgeni mwenye lori.

Mkutano mkuu wa kijiji, kwa utaratibu wa sheria, huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Ujao nitakuwapo, na kile kiriba nitakuja nacho, nimekihifadhi na mche wake mkavu ndani. Nitakiweka mezani mbele ya mwenyekiti na mtendaji, na nitauliza: mwaka jana yametoka hapa magunia mangapi, yamelipiwa shilingi ngapi, na zimerudi ngapi? Kisha nitaomba jibu liandikwe kwenye muhtasari.